Majamvi Mbele ya Duka la Vifungo

Jumamosi, 17 Januari

Dada Bahiya kaja kutoka Kidichi na maneno yake. Duka la vifungo alilotuachia baba halina mteja, asema, na mwenye hoteli anataka kuweka magodoro humo. Ijumaa dada atarudi kuangalia. Akikuta mtaa mtupu, ufunguo anampa huyo wa hoteli. Magodoro! Katika duka la baba!

Kweli mtaa umechakaa. Milango karibu yote imefungwa. Wenyewe wamekufa, watoto wako Maskati, au wamehamishia biashara Michenzani, kwenye jumba la maduka lenye ngazi zinazopanda zenyewe. Tumebaki mimi na Mcha, muuza miavuli wa mlango wa pili, anayejigamba kwamba juzi kapata mteja. Mteja gani? Mtu yule aliingia kujikinga na mvua. Ilipoanuka, akaondoka.

Lakini nina wazo. Watu hufuata watu!

Jumapili, 18 Januari

Nimewapitia wazee wenzangu mmoja mmoja. Kesho waje wakae nje ya duka langu, waonekane wateja. Kahawa juu yangu, na haluwa. Nimewasihi wavae vizuri. Nimeazima na majamvi ya shughuli za mtaa, hawana haja ya kubanana barazani. Mcha sikumwambia. Kesho hafungui, anakwenda Mangapwani kumtazama binti yake. Nimefurahi hata nikamwombea safari njema.

Jumatatu, 19 Januari

Mashaallah, watu! Wazee wamekuja na kanzu nyeupe, wametulia kimya, maana wengi wao husinzia asubuhi. Mlango nimeurudisha nusu, jua lisichujue nyuzi. Mara mpita njia kavua viatu, kakaa. Kaja mwingine. Wakajaa mpaka kwenye kona!

Bwana mmoja wa Jang'ombe, Shaame, kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Poleni, kasema. Nikaona huyu anaijua hali ya biashara. Nikamjibu tushapoa, ni kazi ya Mungu. Akauliza, imetokea ghafla? Hapana, nikasema, polepole, tangu watu walipoanza kutukimbia. Machozi yakamlenga. Nikampenda sana.

Kisha akauliza majuzuu ya Kurani yako wapi, wapate kumsomea marehemu.

Majamvi, kanzu, kahawa chungu, mlango nusu! Na wote wanautazama mlango wa Mcha uliofungwa. Wamedhani Mcha kafa! Ningesema kweli, wallahi ningesema, lakini umati ule! Nikasema majuzuu yanakuja.

Baada ya alasiri Mcha huyo, na kikapu cha matunda ya shokishoki. Mzee Ubwa, mmoja wa wazee wangu, aliyekuwa akimsifu kwa kilio, kakatika katikati ya sifa. Mcha kaniangalia, kayaangalia majamvi, akauliza jambo moja tu.

"Wote hawa wamenijia mimi?"

Nikamwambia ndiyo. Nilidhani atanipiga. Akakaa chini akalia. Na mimi nikalia, sijui kwa nini.

Jumatano, 21 Januari

Balaa! Mji mzima unamiminika kumtazama marehemu. Wanampa mkono, wanaona haya kutoka bure, wananunua miavuli. Jua linawaka na watu wamejitwika miavuli! Kifungo hakuna anayekitaka. Majamvi nimetandika mimi, anavuna yeye. Nimenuna. Kaniletea kahawa kwa upole wake wote. Nimeinywa, nikarudisha kikombe bila ya asante.

Ijumaa, 23 Januari

Dada kaja. Kaukuta mtaa umejaa! Nikajitutumua mlangoni. Akatazama kwa Mcha, akatazama kwangu, akauliza nimeuza nini. Nikamtajia kifungo kimoja, cha Bi Kidawa, badala ya kilichomkatika kwenye msukumano wa kuingia kwa Mcha. Dada akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha baba. Kisha hakucheka tena.

"Watu wa mji huu wanatukumbuka kwa kuzika tu, Hamoud."

Kanipa muda mpaka mwezi wa Ramadhani uandame, halafu magodoro yaingie. Maneno yake yameniingia sana. Nimekaa nikiyafikiri mpaka magharibi.

Jumapili, 25 Januari

Dada yangu ana akili kuliko nilivyojua! Kwa kuzika! Basi sasa zamu yangu!

Nimemtaka shauri Mcha. Kasema mauti hayachezewi. Wivu tu. Nimemnong'oneza Ubwa kwamba kifua kinanibana na nikamsihi asimwambie mtu. Ubwa hajawahi kuweka siri, kufikia Jumatano nshakufa. Mimi nitakuwa Mangapwani, na alasiri nitatokea na kikapu cha shokishoki. Vifungo nshavipanga mlangoni kwa rangi, vyeusi mbele. Majamvi nshayaazima tena.

Dada Bahiya sijamwambia. Nataka aje aukute umati mwenyewe.