Mfu Mwenye Kiu Aja Kliniki

Wenzangu wa bwenini, leo nimeaibika mbele ya watoto wasiojua hata kukaa. Nawaandikia kabla aibu haijapoa, maana ikipoa nitaanza kujitetea.

Mnanijua. Tangu nipangiwe kufundisha Karatu nimekuwa nikihoji kila kitu, na mkuu wa shule ameshaanza kunikwepa. Mwezi uliopita nilimuuliza kwa nini shule haina chama cha sinema. Akasema, "Kianzishe wewe." Nikampata bwana mmoja wa Arusha mwenye mashine na filamu ya kutisha: mfu anafufuka, ananyonya watu damu. Akakubali kupanda mpaka huku kwa sharti moja.

"Ukumbi usipojaa, mwalimu, mimi Karatu sirudi."

Mkuu wa shule akaongeza lake: bwana huyo asiporudi, chama kimekufa.

Basi kila kitu kikategemea bango. Bango la filamu lenyewe lilikuwa limeliwa na panya, nikasema nitachora mwenyewe. Nilishayachunguza mabango ya aina hiyo kule Dar, nikagundua yote ni ndugu. Nyuma peusi. Nyumba moja kilimani, giza kila mahali, dirisha moja tu lina taa. Mwanamke amelala, mweupe kama chaki, damu kidogo pembeni mwa mdomo. Mwanamume kamwinamia, mwanga unampiga kutoka chini ya kidevu, kwa sababu jua halimuliki watu kutoka chini, na jicho linalijua hilo kabla akili haijaambiwa. Juu ya yote, herufi nyekundu zinazochuruzika. (Woga ni mazoea tu, nilimwambia kila aliyekaa karibu nami chumba cha walimu.) Nikachora nyuma ya ramani chakavu ya Afrika. Herufi nilizichuruzisha kwa moyo wote.

Mwalimu mwenzangu Tluway, mzaliwa wa Qurus, aliinamisha kichwa kulisoma.

"Hapo juu pameandikwaje?"

"Mfu Mwenye Kiu."

"Mimi naona nyanya zimepondwa."

"Maandishi ya namna hii si ya kusomwa, ni ya kuhisiwa."

"Haya, msomi."

Siku ya mnada wa ng'ombe nikalitundika kwenye ukuta wa duka, nikamwomba mwenye duka amtajie kila atakayeuliza siku, saa na ukumbi wa shule. Watu walisimama mbele yake, wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nikajipongeza.

Leo mchana tumeziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Saa nane na nusu ukumbi umejaa hadi mlangoni. Bwana wa mashine akanipa mkono. Ndipo nikaanza kuwatazama watazamaji wangu. Karibu wote ni akina mama. Wote wana watoto mgongoni. Kila mmoja ameshika kadi. Na mbele kabisa amekaa Mama Paskalina, nesi wa zahanati, amepakata mizani.

"Mwalimu, Mungu akubariki," akasema. "Mwaka mzima nawaita hawa kliniki, hawaji. Wewe umechora mara moja tu."

"Nimechora nini, Mama?"

"Si mzazi aliyepungukiwa damu?"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mzee Sangau, aliyewaleta wake za wanawe kutoka Olbalbal, akanielewesha kwa upole, kama mtoto. Mwanamke amejifungua. Amepewa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa apate nguvu, mdomo bado haujafutwa. Mumewe amekuja na taa kumwangalia. Na ile nyumba ni zahanati. Nani mwingine anawasha taa usiku kucha?

"Na maandishi?" nikauliza.

"Hayo sijui, mimi sikusoma."

Mama mmoja aliyesoma akasema hata yeye yalimshinda.

Ikabidi nikiri. Nikasimama, nikatumia sauti ninayofundishia kidato cha tatu. "Ndugu zangu, yule mwanamume si mume. Ni mfu. Anakunywa damu ya watu."

Tluway akatafsiri kwa Kiiraqw, mtu mwingine kwa Kimaasai. Akina mama wakatazamana. (Nikadhani hatimaye wameogopa.) Mzee Sangau akainua fimbo, akaniita kijana kwa Kimaasai.

"Ero, mwalimu. Anakunywa bila maziwa?"

"Bila maziwa, Mzee."

"Hana ng'ombe?"

"Hana."

"Hata mbuzi?"

"Mzee, huyu ni mfu."

"Ndiyo maana amekonda hivyo. Maskini."

Mama mmoja akauliza ndugu zake wako wapi, wameshindwa hata kumchangia mtamba mmoja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watoto wakaamka, wakalia, na hao ndio pekee walioogopa chochote leo.

Mama Paskalina hakupoteza muda. Mablanketi yakashushwa. Mizani ikaning'inizwa pale palipokuwa pa kitambaa cha sinema. Bwana wa mashine, ambaye ana mwandiko mzuri, akapewa kujaza kadi. Mimi nikapewa kazi ya kuwabeba watoto mpaka kwenye mizani na kuwarudisha. Wamenikojolea wanne. Filamu haikutoka kwenye kopo lake.

Alipokuwa akipakia mashine, yule bwana alinipa mkono tena.

"Ukumbi ulijaa," akasema. "Ahadi ni ahadi. Nitarudi."

Kwa hiyo chama kiko hai. Mkuu wa shule amefurahi, ametangaza kuwa mlezi wa chama ni Mama Paskalina, naye ameshaniagiza bango la surua. Nimekubali, ningesema nini? Msicheke, wenzangu. Angalau ngojeni nifue suruali.