Kisanduku cha Nyuma Kushoto

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nina miaka themanini na moja. Nimemzika mke. Nimeona kiwanda kikifa, sarafu saba za nchi hii zikifa, mapapa sijui wangapi. Figo moja imetangulia. Mimi nipo. Hata Irara, kifaru cha vita, kimekufa kabla yangu, na hicho ndicho cha kuandika.

Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo daftari hili lisichekwe. Mkono huu ulizoea moto, si kalamu.

Irara vilijengwa viwili tu, hapahapa Santana do Vale, mwaka wa themanini na sita. Jeshi likaja, likatazama, likaenda zake. Halikununua. Kiwanda kikafungwa, Irara vyote viwili vikakatwa vikawa chuma chakavu. Leo haipo hata boliti. Sasa Bi Maristela wa maktaba anataka mfano wa Irara, mkubwa kama kiatu, ukae ndani ya kabati la kioo mlangoni. Mmoja tu! Atauchagua Jumapili, Siku ya Akina Baba. Vile utakavyokuwa mfano huo, ndivyo watu watakavyoamini Irara kilikuwa, mpaka mwisho wa dunia.

Tunaoshindana ni wawili. Mimi Belarmino, niliyekichomelea kwa mikono hii. Na Ercílio Fontoura, aliyekuwa mchora ramani wa kiwanda, mtu wa tai na penseli, hajawahi kuungua hata kidole.

Yeye ana ramani. Mimi nina kisanduku.

Nyuma, upande wa kushoto, juu ya bomba la moshi. Urefu wa mkono mpaka kiwiko, na mfuniko wake. Ijumaa moja mwenzangu Tião alinipa mabati, akasema choma hapa, fanya haraka, funga mdomo. Nikachoma. Nikafunga mdomo. Jumatatu nikahamishiwa banda la matrela bila maelezo. Kilikuwa cha nini? Sijui! Nilimuuliza Tião mara mbili. Alicheka mpaka akakohoa. Baadaye akafa. Mtu hachekeshwi hivyo na jambo dogo. Siri ya jeshi. Kubwa kiasi kwamba hata aliyeichomelea hakuambiwa.

Jumanne, tarehe 5

Nimekwenda kwa Ercílio kupeleleza. Nimejifanya naomba msasa. Alipoitika tu akaufunika mfano wake kwa taulo la vyombo. Nimechungulia pembeni. Magurudumu yake ni duara kamili, kumi na mawili, sawasawa kama mapacha. Yangu nimekata kwa mkasi kwenye bati la sadini. Yanafanana na viazi.

Nimemuuliza juu ya kisanduku, hivihivi tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Akasema hakuna kisanduku. Ramani haina, basi hakikuwepo. Akafuta miwani. Akaifuta tena. Miwani ilikuwa safi! Nimeliweka akilini.

Saa kumi nimepata magurudumu. Koti la binti yangu Lucimara, vifungo kumi na viwili, duara kamili. Nani anahitaji vifungo kumi na viwili?

Jumatano, tarehe 6

Lucimara anavihitaji. Asubuhi kulikuwa na baridi ya digrii nane, kaenda kazini amelishika koti kwa mikono miwili. Jioni kaniuliza. Nikasema wezi wa siku hizi wana tabia za ajabu. Akatazama mezani, akasema, Baba, hicho kifaru chako kimevaa koti langu.

Nimemwambia ni kwa ajili ya historia. Akasema historia inisongee ugali wa mahindi usiku huu, yeye hapiki.

Lakini leo nimefanya jambo la kisayansi. Nimewaza, kisanduku kilikaa juu ya bomba la moshi. Kwa nini pale? Kifaru kizima kina nafasi, kwa nini pale? Basi nimechukua kopo kubwa la biskuti, nikalifunga kwa waya juu ya bomba la moshi la gari la Lucimara, vipimo vilevile. Nikawasha injini dakika ishirini. Nikakaa kwenye kiti nikitazama.

Lilipata moto.

Basi! Hakuna kingine. Halikutoa sauti, halikutoa moshi wa kuficha kifaru, halikulipuka. Lilipata moto tu, moto mzuri, wa polepole, sawasawa pande zote. Nimelifungua, nimelifunga, nimelinusa. Siri gani ya vita inahitaji kupashwa moto? Mafuta ya bunduki? Betri? Njiwa wa kupeleka barua?

Lucimara katoka nje, akasema hapo ndani hata mkate ungeiva, na nizime gari lake. Binti yangu ana akili, ila ya silaha hana.

Alhamisi, tarehe 7

Nimembana Ercílio hadharani, duka la mikate, mbele ya foleni nzima. Nikasema kwa sauti kwamba mtu anayeficha silaha ya taifa lake hafai kabati la kioo.

Akaweka mkate chini. Akawaambia watu kwamba mimi ndiye fundi aliyechomelea mlango wa choo cha wakurugenzi huku mkurugenzi yumo ndani. Watu wakacheka. Muuza mikate akacheka mpaka akakosea kupima. Ni kweli, ila hakuna aliyeniambia yumo! Na mshono wa chuma ulikuwa mzuri, walihangaika nao mpaka saa tisa.

Nikamjibu kwamba penseli haijawahi kumtia mtu kovu. Akasema hata mdomo haujawahi kujenga kifaru.

Kumbe Bi Maristela alikuwa nyuma yetu na pakiti yake ya maziwa. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma: Mzee Belarmino, niletee karatasi au picha ya kisanduku kabla ya Jumapili saa nne. Usipoleta, nitachukua mfano wa Bwana Ercílio, maana unalingana na ramani. Nikauliza, na nikikibandua kisanduku? Akasema hapo mtakuwa sawa, ataangalia magurudumu ya nani ni bora.

Nimerudi nimekishika kile kisanduku changu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kwa kibanio cha nyusi. Kukibandua ni dakika moja. Lakini nikikibandua, hakikuwepo. Na ule mshono, bora kuliko yote niliyowahi kushona, haukuwepo. Na ile Ijumaa haikuwepo.

Sibandui.

Ijumaa, tarehe 8

Nimekwenda kwa Bi Zuleica, mjane wa Tião. Sijui kwa nini sikuenda miaka yote hii. Aliniwekea kahawa na mikate ya jibini, akaniuliza kama bado nina hasira na dunia. Nikasema nina swali moja tu.

Nilipotaja kisanduku akacheka. Cheko lilelile la Tião! Akaingia chumbani, akatoka na bahasha.

Picha. Imepauka, lakini ipo. Mlinzi wa getini aliipiga kwa siri. Nyuma ya Irara, kushoto, juu ya bomba la moshi: kisanduku changu. Mfuniko wazi. Mshono wangu, ningeutambua hata gizani. Nikamwambia, unaona, shemeji, unaona!

Halafu nikatazama vizuri.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na mikebe ya chakula. Minne. Tião kasimama pembeni na kijiko. Na upande wa pili, na tai yake, anakunja shingo kama mwizi wa kuku, Ercílio Fontoura ameushika mkebe wake kwa leso.

Bi Zuleica akanieleza. Jiko la kupashia chakula la wafanyakazi liliharibika, ofisi haikulitengeneza. Mafundi wakala wali baridi mwezi mzima. Tião akaona Irara kila asubuhi kinawashwa injini kwa majaribio, moto unakwenda bure. Basi.

Nikauliza kwa nini mimi sikuambiwa. Akasema Tião alisema, tukimwambia Belarmino, mpaka mchana mji mzima utakuwa umejua.

Nikamuuliza, na kwa nini nilihamishiwa matrela? Akasogeza kikombe. Akasema majenerali walipokuja Jumatatu ileile asubuhi, kifaru kilizunguka uwanja mara tatu, kikasimama, ikasikika harufu ya maharagwe. Jenerali mmoja akafungua mfuniko. Wali, maharagwe, soseji, unga wa muhogo wa kukaanga, yai juu. Vyote vya moto. Wakala! Wamesimama palepale, wanapokezana kijiko. Wakayasifu maharagwe. Kifaru hawakununua.

Mkuu wa kiwanda akauliza nani amechomelea. Tião akasema hajui. Lakini mkuu akautazama mshono, akasema mshono huu ni wa mtu mmoja tu.

Nikauliza, alisema hivyo? Mshono huu ni wa mtu mmoja tu?

Akasema ndiyo, mzee, lakini kwa hasira.

Hasira si kitu. Alisema.

Jumamosi, tarehe 9

Sijatoka nje. Nina ushahidi, na ushahidi wenyewe unanitia aibu. Nikiuonyesha, kisanduku kipo, lakini siri ya jeshi inageuka kuwa maharagwe. Nikiuficha, Ercílio anaingia kwenye kabati la kioo na mimi nakufa mwongo.

Adhuhuri nimepata njia. Kidole gumba! Nikiishika picha hivi, kidole kinafunika mikebe yote, Tião anabaki bila kijiko, na Ercílio anabaki nusu sikio. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara thelathini. Lucimara kaniuliza kidole kinauma? Nikasema kinajiandaa.

Jumapili, tarehe 10

Maktaba, saa nne. Watu kama arobaini, wengi wazee wa kiwandani na watoto wao. Mfano wa Ercílio unang'aa. Wangu una gundi. Lucimara kaja na koti lililofungwa kwa pini, akasimama karibu nami.

Nikainua picha. Kidole mahali pake. Nikatangaza: kisanduku hiki hapa! Bi Maristela akavaa miwani, akakubali, kipo. Ercílio akawa mweupe kama karatasi yake. Nikaonja ushindi.

Halafu Bi Maristela akasema, samahani mzee, akanishika kidole gumba kama anavyomshika mtoto, akakiinua.

Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, yule si Ercílio na mkebe? Cheko likaanza.

Nilidhani Ercílio atakimbia. Alishika ukingo wa meza, akafuta miwani, akasema polepole kwamba miaka yote amekana kile kisanduku kwa sababu alikuwa mtu wa ofisini, na mtu wa ofisini hakutakiwa kula na mafundi. Kisha akasema, lile yai lilikuwa langu. Lile walilokula majenerali. Mke wangu alilikaanga.

Nikamtazama. Miaka thelathini na tisa! Nikamwambia, Ercílio, mimi nilihamishwa kwa sababu ya yai lako? Akasema, Belarmino, mimi siku ile nililala njaa kwa sababu ya mshono wako, mfuniko haukufunga vizuri, ndiyo maana harufu ilitoka.

Mfuniko ulifunga! Tukabishana mpaka tukaletewa maji.

Bi Maristela kachagua wangu. Akasema vifaru vyenye ramani viko vingi duniani, chenye kisanduku hiki ni kimoja tu. Ercílio akatoa kalamu yake ya ramani, akachora kisanduku pembeni mwa ramani ya zamani, akaweka vipimo. Aliniuliza vipimo mimi. Mbele ya watu! Ramani itakaa kwenye kioo pamoja na mfano. Lucimara alinipa mkono kushuka ngazi. Akasema vifungo vibaki tu humo.

Jumatatu, tarehe 11

Nimekwenda asubuhi kujitazama kwenye kabati la kioo. Wamebandika karatasi: "Irara, pamoja na kisanduku cha kupashia chakula cha mafundi." Watoto wanachungulia, wanauliza ni maharagwe gani.

Nimesimama pale nusu saa nikafikiri, na nimeelewa kila kitu. Mikebe ilikuwa ya kufichia siri! Nani angetafuta chini ya maharagwe? Hata majenerali wenyewe waliishia kula. Tião alimdanganya mpaka mkewe, mshenzi yule, kazi safi kabisa. Sakafu ya kisanduku kile ilikuwa nene kuliko ilivyostahili, nakumbuka sasa, nakumbuka vizuri sana. Chini yake palikuwa na kitu.

Nimeanza Irara cha pili. Chenye sakafu mbili. Nimemwambia Ercílio, akasema nimerukwa na akili, na kesho anakuja na rula.

Vifungo vya magurudumu nimeviona kwenye koti lake.

Asiyeamini haya amuulize Bi Zuleica, nimemrudishia picha. Amuulize Lucimara, ana pini. Amuulize Ercílio, ingawa atasema mfuniko haukufunga. Na kama yule jenerali bado yu hai, aulizwe yeye, chini ya yai aliona nini.