Kipande cha Mwisho ni Changu

Jumatatu, 2 Novemba 1998
Mwalimu Liang katangaza: Ijumaa kuna tamasha la muziki wa Ulaya wa miaka mia nne iliyopita. Chuo chetu hapa Guangzhou kina luti moja tu, yule ndugu wa gambusi wa Kizungu. Mimi na Haidar tutapokezana. Kila mtu achague kipande cha kromatiki, sauti ishuke nusu kwa nusu, kama mtu anayeteremka ngazi akilia. Haidar kachagua papo hapo! Mzanzibari huyu kakulia na gambusi la babu yake. Mwalimu akamsifu mno. Mimi hakunitazama hata! Bertila naye, msichana wa darasani ninayemtamani, kaniuliza kama Haidar ana mchumba. Wivu? Ndiyo, wivu! Sikula.

Jumatano, 4 Novemba
Nimechagua fantasia, kipande kirefu cha mapambo mengi. Siiwezi, lakini inakipita kipande cha Haidar kwa urefu. Nikambembeleza Mwalimu niwe wa mwisho, maana wa mwisho ndiye anayekumbukwa. Kakubali. Haidar akasema, "Sina neno, Aloyce ndugu yangu, funga wewe." Mnafiki! Nikaenda Yide Lu, mtaa wa samaki wakavu, kununua dagaa. Nimewatafuna nikipanga.

Ijumaa, 6 Novemba, asubuhi
Nimepata! Shingo ya luti imefungwa viuzi vya utumbo wa kondoo, vinakuonyesha kidole kikae wapi. Vikilegea, kila nusu sauti inakwenda kombo. Nimevilegeza vyote. Haidar ataumbuka mbele ya Bertila! Nimepiga shati pasi.

Jioni
Mama yangu wee! Haidar kaigusa luti, kasikia, katabasamu. Akavisukuma viuzi vyote kando, akapiga shingo tupu. Gambusi halina viuzi! Nilisahau! Mwalimu katoa leso. Bertila kasimama kushangilia. Kisha nikaitwa mimi. Luti ileile! Mimi mtu wa gitaa, bila viuzi sijui hata sauti ya kwanza iko wapi. Watu walidhani bado narekebisha nyuzi. Nilikuwa katikati ya fantasia.

Jumamosi, 7 Novemba
Haidar kaniletea wali wa nazi, kunipa pole. Akasema ni unyevu wa Guangzhou huu, hulegeza viuzi. Eti atanifundisha kupiga bila viuzi. Sahani kabeba Bertila! Nimekula wali wote kwa hasira.

Mwezi ujao kuna tamasha jingine. Safari hii viuzi nitavihamisha, kisha nivigandishe kwa gundi. Tuone atavisukuma wapi!

Nimeshamwomba Mwalimu niwe wa mwisho.