Uzinduzi wa Kituo cha Watoto Wanene, Nyalukemba

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa meya, wakubwa wa serikali na mabibi zao, mapadri, wachungaji, mashehe, wafadhili ambao viza ziliwakwamisha, wapapa na wamaman wa Nyalukemba, nanyi watoto mliopangwa mbele kufuatana na uzito: protokole yote imeheshimiwa, nami Théodore Cibalonza, Coordonnateur, mratibu mkuu wa Programu, nimejiheshimu pia. (Makofi.)

Nitaeleza polepole, kwa sababu jambo hili ni la kitaalamu. Mtoto hanenepeshwi na uchawi wa jirani. Ananenepa kwa kuwa asubuhi anapewa beignets, mandazi yale yaliyoogelea mafutani, mchana sucré, soda chupa nzima, jioni kilima cha bugali na simu ya maman mkononi, halafu bibi akimwona anafurahi kwamba sasa majirani watajua baba yake ana kazi. (Kicheko. Bibi mmoja: "Na akikonda watasema tunalala njaa!") Dawa yake, ambayo tuliifanyia semina katika hoteli nzuri kando ya ziwa, ni sombe, majani ya muhogo, isiyozama katika mawese, maharagwe, matunda, maji, sahani ndogo na michezo, wala asinyimwe chakula, wala asichekwe, maana bado anakua. Kufikia leo tumetimiza asilimia tisini na saba ya malengo yetu, na asilimia tatu iliyobaki ni watoto. (Makofi marefu.)

(Maman mmoja, Lydie, amemshika mkono binti yake Mapendo: "Papa Coordonnateur, pardon. Huyu mutoto akicheza kidogo anahema, magoti inamuuma, masomo hataki tena juu wenzake wanamucheka. Tumekuja atunzwe. Tuingilie wapi?")

Swali zuri sana, maman! Linathibitisha kwamba uhamasishaji umefika kwenye msingi. Liingizwe katika ripoti. ("Papa, mulango iko wapi?") Tupaze sauti wote: Mutoto mwepesi! (Umati: "Taifa jepesi!") Sukari! ("Chini!") Coordonnateur! ("Juu!")

Namaliza kwa shukrani. Asante Papa Nasoro, uliyetuazima depo yako ya sucré tuipake rangi ukuta mmoja, ule unaotazama kamera. Tunakata utepe upesi, maana lori lako limeshaanza kupiga honi. Asante Thierry, muuza nyama, kwa koti jeupe la daktari, na asante daktari wetu Placide, ambaye wateja wanamngoja kwenye saluni yake ya kunyoa. Kituo chenyewe kitafikiriwa katika bajeti ijayo. Kila mtoto apokee sucré moja, ajisikie nyumbani.

(Maman Lydie anamwambia binti yake: "Rudisha hiyo chupa, mama. Twende kwa miguu, polepole. Ukichoka, tutakaa." Wanaanza kupanda kilima kurudi nyumbani.)

Mpiga picha, haraka! Yule pale, anayepanda! Andika chini yake: mgonjwa wetu wa kwanza akitoka kituoni, akitembea mwenyewe.