Pawa Saplai ya Mama Faidha

Jumatatu, 3 Juni

Fundi Tahiri bado kainamia kompyuta, na mimi bado nimemshikia tochi nionekane nina kazi. Mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, imekufa. Kaninusisha kabisa ili nijue. Harufu ya ndoo ya plastiki iliyoangukia motoni. Anasema aliyeiua ni pawa saplai, lile boksi la chuma la nyuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa humo ndani. La kwetu lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza. Alilichagua Mama Faidha mwenyewe, kwa sababu feni yake inawaka taa za bluu. Hilo sikulisema. Shule sikufika mbali, lakini najua anayenilipa ni nani.

Steshenari ni yake, hapa karibu na soko la Newala. Mimi natoa kopi na kuchapa barua za watu kwa vidole viwili. Nikikaa nyuma ya skrini mteja ananiona paji la uso tu. Anasema, naandika, hakuna anayetaka nimtazame. Hata bure ningeifanya kazi hii. Mama Faidha asisome hapa.

Sasa skrini imetolewa mezani, watu wananiona mzima mzima. Mateso matupu.

Mama kasema kapata mazabodi iliyotumika. Hii nayo ikiungua, basi. Atamleta Lukmani, mtoto wa dada yake, na laptop yake, mimi nirudi Mkunya nikapalilie mihogo. Lukmani ana cheti cha kompyuta. Anatembea nacho kwenye bahasha ya kaki, hata msibani.

Jumanne, 4 Juni

Nimetumwa Masasi kuchagua pawa saplai mpya. Lukmani katumwa pia, eti anisaidie.

Dukani zilikuwa mbili. Moja mpya, ya kumeremeta, imeandikwa wati mia saba. Nyingine kuukuu, imetolewa kwenye kompyuta ya ofisi fulani, vumbi tele, wati mia tatu. Lukmani akamweleza mwenye duka, kwa Kiingereza, kwamba mia saba ni kubwa kuliko mia tatu. Mwenye duka akakubali. Hesabu ngumu ile, lazima uisomee.

Mi sikubisha. Nikibisha mbele za watu masikio yanawaka moto. Nikazishika moja huku, moja huku. Ile mpya nyepesi. Kwetu korosho ikiwa nyepesi hujisumbui kuibangua, unajua ndani hamna kitu. Kwa nini umeme uwe tofauti? Nikatoka nazo mpaka kwa mama wa nyanya hapo nje, nikamwonyesha mizani kwa kidole. Kuukuu ikaizidi mpya mara mbili. Mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Akauliza nanunua kwa kilo, na je, aniongezee vitunguu. Lukmani alisogea upande wa pili wa barabara akawa anawaambia watu mimi hanijui.

Nikachukua nzito. Kurudi Newala Lukmani hakunisemesha njia nzima. Safari nzuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Tahiri kaifungua, akapiga mluzi. Akauliza kachagua nani. Mama akasema Gasper, yaani mimi. Tahiri akasema kijana ana jicho, humu mna shaba ya kweli, zile nyepesi ni upepo na karatasi ya kubandika.

Mama Faidha akanifungulia soda. Lukmani akapewa maji. Kwa Newala, yanavyopatikana kwa shida, maji ndiyo heshima kubwa zaidi, lakini yeye hakuliona hivyo.

Kompyuta imewaka. Nimejificha tena. Tahiri alipokuwa anaondoka akasema mashine ikifanya kazi iachwe ifanye kazi. Akanitazama mimi. Kwa nini mimi, sijui.

Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu Veridiana kaja kuchapa mtihani wa darasa la nne. Kaniita fundi. Niliitazama kibodi muda mrefu.

Lukmani anapita anasema ni bahati tu, hata kuku angechagua. Kaniuliza mbele ya wateja volti ni nini. Nikapanga karatasi za kopi. Akajijibu mwenyewe, kwa kirefu.

Jioni umeme ukapungua kama kawaida yake, taa zikawa rangi ya papai. Niliinama nyuma kupangusa vumbi nikaona swichi ndogo nyekundu kwenye pawa saplai. Imeandikwa 230. Ukiisogeza inakuwa 115. Nikaelewa hapo hapo. Umeme wetu mdogo, na mashine inalazimishwa kula 230 ambayo haipo! Tahiri kasahau. Mwenye cheti hajaona. Kaona Gasper.

Ijumaa, 7 Juni

Nilisubiri wawepo wote. Mama Faidha, Lukmani, na Mwalimu Veridiana kaja kuchukua mtihani wake. Nikazima, nikasogeza swichi kwa bisibisi, nikasema kwa sauti kwamba leo mashine itapumua. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mle ndani. Nikawasha.

Ikalia kama gobore. Moshi. Mwalimu Veridiana alitoka wa kwanza, viatu kavibeba mkononi. Lukmani alikuwa chini ya meza yeye na bahasha.

Tahiri akaitwa, hakufungua hata skrubu moja. Alichungulia nyuma, akauliza kagusa nani. Nikautazama ukuta. Lukmani akaeleza, safari hii kwa Kiswahili: ukiweka 115 umeiambia mashine ingoje umeme nusu, halafu ukuta unaipa wote. Na wetu hata ukipungua, haupungui mpaka nusu. Kumbe kwenye ile bahasha mlikuwa na kitu. Inaniuma hiyo kuliko moshi.

Pawa saplai imeungua, na mazabodi imeondoka nayo. Mama Faidha hakufoka, ningependa afoke. Kaniambia taratibu, baba, kawasalimie Mkunya.

Jumapili, 16 Juni

Niko Mkunya kwa kaka Silvesta. Nilipomwamkia, kabla ya kuitikia marahaba, aliuliza kama ni kweli nimempiga mwalimu risasi.

Huku hakuna skrini. Nakaa nyuma ya mkorosho, wapita njia wanauzunguka ili tu wanisalimie.

Silvesta ana mashine ya kupulizia dawa mikorosho, ya kubeba mgongoni. Kanikataza kuigusa, kaapa kwa jina la marehemu baba. Pembeni ina kidude cha kuzungusha cha kuongeza nguvu, namba moja mpaka nne, na kidude hicho kimekazwa kwa skrubu. Nimemchunguza wiki nzima. Kila siku anaiacha kwenye namba mbili. Ile miti mirefu ya upande wa bonde dawa haifiki juu, na yeye anailaumu miti. Hajawahi kuwaza nne. Mtu mzima, na watoto wanne.

Naishia hapa, lazima niondoke. Silvesta kaenda bombani na madumu, foleni ya maji leo ni ndefu, na bisibisi nimeshaona alikoificha.