Sabato ya Sesheni Arobaini

Lukasi aliposhuka Same mwaka ule, alikuwa na begi moja, viatu vya ncha kali, na huruma kubwa kwa watu wenye mali wasiyoielewa. Siku ya kwanza tu aliona dishi jeupe juu ya bati la Mama Rogathe, na huruma ikamjaa mpaka kooni.

Dishi lile lilikuwa ng'ombe wanne. Shamba la mkonge lilipobinafsishwa, mume wa Mama Rogathe alirudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Kwa kuwa barua ya shukrani haipikiki, mama aliuza ng'ombe wao wa kule Vudee, milimani, akanunua dishi la kuvuta intaneti, akafungua chumba cha kompyuta sita, mjini kabisa.

Lukasi akajitolea kumtengenezea printa bure. Alipokuwa nyuma ya kabati, akatoboa ukuta, akapitisha waya hadi chumba cha pili alichokuwa amepanga. Wiki iliyofuata naye alikuwa na kompyuta nane na bango: INTANETI NUSU BEI. Akiulizwa, husema anatumia laini ya simu. Muuza maji ya mwenzake hana sababu ya kupunja kipimo.

Intaneti ya mama ikaanza kutambaa, wateja wakahama, mama akaanza kutafuta mnunuzi wa dishi. Dishi likiuzwa, na Lukasi amekauka; hapo akaja kuuza dawa ya ugonjwa alioleta mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Hapa pamekufa."

"Tatizo ni faiawoli." Akagonga kisanduku cheusi kama daktari agongaye kifua. "Huyu ni mlinzi wa mlangoni. Kompyuta ikitaka kuzungumza na nje, anaifungulia njia, ndiyo sesheni. Ana njia hamsini tu. Zikijaa, wengine wanasubiri. Nitakuwekea humu ndani kiprogramu cha kuzihesabu usiku na mchana, na kinachora grafu. Ila kisanduku usikizime kamwe. Hata wakubwa wa kampuni ya intaneti kule Dar watakuwa wanaiona grafu."

"Dar wanaona?"

"Kila kitu, mama."

Dar hawakuona chochote. Kiprogramu chenyewe Lukasi alikiokota bure mtandaoni, tena, tuseme ukweli, kwa sesheni za mama.

"Kumbe ni ndiva," akasema Mama Rogathe.

"Ni nini?"

"Bwawa letu kule milimani. Kila mtu ana mfereji wake na zamu yake. Maji yakipungua ovyo, hatuilaumu mvua. Tunafuata mfereji."

"Hasa, mama, hasa!" akasema Lukasi, ambaye hakusikiliza.

Ijumaa jua lilipozama, Mama Rogathe alizima kompyuta zake, akazifunika vitambaa vya kudarizi, akaingia Sabato. Kwa Lukasi Jumamosi ilikuwa siku ya neema: intaneti yote yake. Kiprogramu, kisicho na dini wala rafiki, kikaendelea kuhesabu.

Jumapili asubuhi mama akaifungua grafu. Jumamosi saa nne, mchungaji akiwa katikati ya mahubiri: sesheni arobaini.

"Zangu zilikuwa zimelala," akasema. "Nani amefungulia maji?"

Akavuta kabati, akaona waya umeingia ukutani. Hakuukata. Alirudisha kabati, akajifunga kitenge cha heshima, akaenda kwa Mzee Naftali, mwenyekiti wa mtaa.

Jumatatu wakaingia wote wawili kwa Lukasi, mbele ya wateja.

"Fundi, tumekwisha! Dar wamepiga simu."

"Dar ipi?"

"Hiyo hiyo uliyoniambia. Wameona sesheni arobaini siku ya Sabato. Polisi wanakuja na basi la saa sita. Kompyuta zitakazokutwa kwenye waya wa wizi, mwenyewe ni jela miaka saba."

Lukasi alijua Dar haioni. Lakini mtu akiuza uongo mmoja kwa muda mrefu, huja siku akaununua mwenyewe.

Mzee Naftali akafungua daftari. "Kompyuta hizi za nani?"

"Si zangu, mzee!"

"Na bango?"

"Nimeshikishwa funguo tu."

"Na nani?"

"Simjui!"

"Tia sahihi hapa kwamba si zako na humjui mwenyewe."

Akatia, tena mara mbili. Saa tano alikuwa juu ya lori la tangawizi, begi mkononi, kiatu kimoja cha ncha kimebaki.

Basi la saa sita likaja, likateremsha kuku na magunia ya dagaa.

"Mama Rogathe," akasema Mzee Naftali, "kule kwenu, jembe likikutwa kwenye mfereji wa wizi, na mwenyewe amelikana, huwa la nani?"

"Ni la mwenye zamu, mzee."

"Basi beba."

Baada ya wiki mbili ikaingia barua pepe. Ilianza "Shikamoo mama", ikaeleza kuhusu kompyuta nane na kutoelewana kidogo.

Mama Rogathe aliisoma yote, miwani puani. Akajibu neno moja: "Marahaba."

Jibu likapita kwa mlinzi, grafu ikapanda kidogo, ikashuka.