Nimelala Kwenye Posa Yangu Mwenyewe

Leo nimeaibika ukweni, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe nikiwa nimefumba macho. Nawaandikia sasa hivi, kabla Mjomba Shaweji hajaanza kusimulia, maana yeye akishika kisa lazima atie chumvi. (Ingawa hiki hakihitaji chumvi hata punje.)

Zuhura mnamjua. Nimewachosha naye humu mpaka wengine mmenizima sauti. Barua ya posa ilishafika kwao Ikwiriri, ikapokewa vizuri, na jibu likarudi kwamba wazee wanataka kumwona kijana mwenyewe. Wengine huwa hawaitwi, mshenga anamaliza kila kitu. Mimi nimeitwa kwa sababu baba yake, Mzee Mbonde, ni mkulima wa mpunga anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri, na hapa duniani anachukia kitu kimoja tu: mtu mvivu. Kabla yangu alikuja kijana mmoja, mtanashati, ana kazi nzuri. Akapiga miayo sebuleni kwa mzee. Barua yake ilirudishwa siku ileile.

"Usipige miayo," Zuhura aliniambia jana kwenye simu. "Mengine yote nitakusaidia."

"Nitapigaje miayo na hofu yote hii?"

"Basi kaa nayo hiyo hofu, usiiache njiani."

Nikakaa nayo usiku kucha. Nilijigeuza kitandani mpaka shuka likavuka upande wa pili. Kulipokucha nikaoga maji ya baridi, nikavaa kanzu niliyoipiga pasi mara mbili, tukapanda gari na Mjomba Shaweji, ambaye ndiye mshenga wangu. Njia nzima kutoka Kibiti alikuwa ananipa mawaidha. Usicheke sana, usinune. Ukiulizwa jibu, usipoulizwa nyamaza. Nikaitikia yote.

Tumefika, tumepiga hodi, tumekaribishwa. Mzee Mbonde alikuwa ametandika mkeka mpya sebuleni. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote, akaitikia marahaba huku ananitazama machoni, moja kwa moja. Mimi nikayakodoa. Zuhura akaleta chai ya tangawizi na vitumbua, akaweka sinia chini bila kuniangalia, akarudi jikoni. Mazungumzo yakaanza kwa mambo ya kawaida, mpunga na ndege wanaoumaliza, nguruwe pori, mvua. Mgongo wangu ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mpaka hapo nilikuwa mkwe wa kuigwa.

Kisha ikatoka sauti ya mama mtu mzima nyuma ya pazia la mlango wa pembeni. Ni mama yake Zuhura. Hakutokeza, maana mkwe na mama mkwe hawakabiliani hovyo, mnajua wenyewe.

"Karibuni wageni. Mtaniwia radhi, nina gauni la mtu hapa. Anakuja kulichukua aende nalo harusini Utete, nami sijamaliza pindo."

"Shona tu, mama Zuhura," Mzee akamjibu. "Hakuna anayedhurika na cherehani."

(Mzee wa watu. Hakujua anasema nini.)

Cherehani ikaanza. Ni ya miguu, ya zamani, nimeitambua kwa sauti tu. Kanyagio lake likishuka linalia kidogo, likipanda halilii. Kwanza polepole, mshonaji anatafuta mwanzo wa mshono, kisha inashika kasi inakwenda moja kwa moja, kisha inapunguza kwenye kona. Na mimi nikahisi kitu kinalegea nyuma ya shingo.

Hapa lazima niwaeleze, la sivyo mtaniona mhuni.

Sisi tumezaliwa Mbuchi. Shule ilipoanza kuwa shida, baba akabaki na mpunga wake, mama akahamia Kibiti na sisi watoto watatu tusome. Tulipanga chumba kimoja. Kitanda kimoja, ndoo za maji, na cherehani ya mama karibu na dirisha. Mchana alikuwa anauza maandazi, kwa hiyo kushona kulikuwa usiku: sare za shule, madera, mashuka ya watu. Kitanda kilikuwa cha mama na mdogo wetu. Mimi na dada tulitandikiwa mkeka chini, na nafasi pekee ya mkeka kutosha ilikuwa vichwa vyetu viwe chini ya cherehani, karibu kabisa na miguu yake.

Wengine mlibembelezwa kwa nyimbo. Mimi nimebembelezwa na kanyagio. Likipanda na kushuka lilikuwa linatupepea usoni, kaupepo kadogo kenye harufu ya mafuta ya mashine. Nilikuwa naangalia nyayo za mama zikicheza mpaka zinapotea. Asubuhi nilikwenda shule na vipande vya nyuzi kichwani, wenzangu wakinitania kwamba nimelala na kuku. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa akigonga ukuta, "Mama Seif, na sisi tulale!" Mama akakata ndala zilizochakaa, akaziweka chini ya miguu ya cherehani ili isitingishe sakafu. Haikusaidia sana. Mpangaji akahama, sisi tukaendelea kulala fofofo.

Cha ajabu, nilichokuwa siwezi ni kimya. Mama akisimama kubadilisha uzi, mimi macho wazi. "Mama, shona," nilikuwa namwambia. Naye ananijibu bila kutazama chini, "Lala mwanangu, naweka bobini tu." Ikianza tena, sipo. Nimekuwa mtu mzima, nimepanga nyumba yangu yenye dari na feni, na sijawahi kulala usingizi ule tena. Nautamani usingizi ule kuliko ninavyotamani vitu vingi ninavyovifanyia kazi.

Sasa nirudisheni sebuleni kwa Mzee Mbonde.

Nilipigana, Mungu ni shahidi. Nilijifinya paja ndani ya kanzu. Nikanywa chai ya moto mpaka ulimi ukababuka. Nikaanza kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye kalenda ya ukutani, nikayarudia. Cherehani inakwenda tu. Mjomba akaniona ninavyoyumba, akanikanyaga kidole cha mguu. Nikashtuka, nikamwambia "ahsante" kwa sauti, na Mzee Mbonde akageuka kunitazama.

"Kijana," akasema, "kazi yako ni ya kufunga umeme kwenye majumba. Sawa. Siku umeme hauna kazi, binti yangu atakula nini?"

Swali zuri. Jibu lake nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi wiki nzima. Ningesema kuhusu shamba la baba Mbuchi, ningesema kuhusu mikorosho. Nikafungua kinywa.

Nakumbuka nimefungua kinywa.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mjomba, na Zuhura ameyathibitisha. Nimeinama taratibu upande wa kulia, kwa heshima kabisa, mpaka bega langu likafika kwenye bega la Mzee Mbonde. Mzee akasogea. Nikaendelea na safari mpaka kwenye mkeka. Kinywa bado kiko wazi, kikisubiri lile jibu. Mjomba akajaribu kuniamsha, akanitikisa, wapi.

Na mama Zuhura, nyuma ya pazia, hakuwa na habari. Akafika mwisho wa pindo, akasimamisha cherehani ili akate uzi.

Nikainua kichwa. Macho yamefungwa. Nikasema, kwa sauti ya mtoto anayedeka, "Mama, shona."

Mama Zuhura akauliza, "Nani huyo?"

"Mama, shona bwana. Usiache."

Mjomba anasema hapo ndipo alipotafuta viatu vyake. Lakini mama Zuhura, sijui kwa nini, akakanyaga. Cherehani ikalia, nami nikajilaza tena, nikavuta miguu, nikaweka mikono katikati ya magoti. Zuhura na shangazi yake wakatoka jikoni kuja kutazama. Shangazi anajiziba mdomo na kanga. Na Mzee Mbonde, yule aliyerudisha barua kwa sababu ya mwayo mmoja, akafunua pazia akamwambia mkewe kwa kunong'ona:

"Hebu iache tena kidogo."

Ikaachwa. "Mama, shona."

Wamenifanyia hivyo mpaka wamechoka wenyewe. (Nimekuwa redio, nawashwa na kuzimwa.) Chakula kikaja, wakala mbele yangu. Mwenye gauni akaja kulichukua, akaniruka pale mkekani, akauliza kama mgonjwa ameshapelekwa hospitali.

Nimeamka alasiri. Cha kwanza kukiona ni ukindu wa mkeka, kwa karibu sana, maana shavu langu lilikuwa limeganda hapo. Nimefunikwa kanga. Mjomba na Mzee wamekwenda msikitini. Pazia limefungwa fundo juu, na kule ndani yuko mama Zuhura, miwani kwenye ncha ya pua, ananitazama mimi huku miguu yake inakanyaga.

Nikaruka nikapiga magoti. "Shikamoo mama. Mama nisamehe. Mama, sikulala jana..."

"Marahaba. Tulia, utajigonga." Akasimamisha cherehani. Mezani pake kulikuwa na rundo la vitambaa vidogo vidogo. "Lile gauni limeshaondoka tangu adhuhuri. Hapa napinda matambara ya kufutia vyombo, maana kila nikiacha unalalamika. Jikoni kwangu sasa nina matambara ya kutosha kijiji."

Nikatamani ardhi ya Ikwiriri ipasuke.

"Mama yako mshonaji?"

"Alikuwa, mama. Sasa macho yamechoka, amerudi Mbuchi."

Akavua miwani, akaifuta kwa tambara mojawapo. "Wanangu wote wamelala hapa chini. Wakubwa wako Dar siku hizi. Wakija wananiambia, mama, kelele hiyo, wanahamia chumba cha uani. Muda mrefu hakuna aliyeniomba niendelee."

Nikakunja kanga, nikaikunja tena.

Mzee akarudi na mjomba. Akakaa palepale alipokuwa amekaa, akaniita mbele yake.

"Seif. Umelala."

"Nimelala, baba."

"Mie mtu mvivu simpi binti yangu. Hilo unalijua?"

"Nalijua, baba."

"Lakini yule wa kwanza alipiga miayo kwenye nyumba tulivu. Wewe umelala kwenye kelele ambayo mie, tangu nimuoe huyu mwenzangu, imenishinda. Msimu wa kushona nalala shambani, juu ya dungu la kulindia mpunga, na nguruwe wananiona. Na Zuhura kamrithi mama yake, anashona usiku kuliko yeye. Nikawa nasema, huyu atakayemuoa atanirudishia ndani ya mwezi." Akanywa maji, taratibu. "Nendeni. Jibu litakuja."

Kwenye gari la kurudi mjomba aligeukia dirishani. Alikuwa anatikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Tumekaribia Kibiti, simu ikaingia ujumbe. Zuhura. Wamekubali. Na kwa kuwa mahari anataja bibi harusi mwenyewe, alikuwa amepanga kutaja kitanda cha mninga na godoro lake. Leo mchana, akiwa amesimama mlangoni ananitazama nimejikunja pale chini, amebadilisha. Anataka cherehani. Ya miguu. Akaongeza: "Mpya isiyo na kelele sitaipokea."

Nikampigia mama Mbuchi nimpe habari. Nikamsimulia yote, hata ile sehemu ya kulalamika. Nilitegemea atacheka, maana mama ni mcheshi. Hakucheka.

"Mie nilikuwa nikishona roho inaniuma," akasema. "Usiku ule wote. Nasema, nawakosesha wanangu usingizi, Mungu anisamehe, lakini nitafanyaje."

"Mama, sisi tulikuwa hatulali mpaka uanze."

Akasema kuna mtu anapiga hodi, atanipigia baadaye. Sikusikia hodi yoyote. Nami nikamgeuzia mgongo mjomba niliyepakana naye kwenye kiti, nikajifanya naangalia mikorosho.

Basi, kisa ndicho hicho. Kucheka nimewaruhusu, maana hata nikikataza mtacheka. Ombi langu ni moja tu: siku ya ndoa, cherehani ikishaletwa mbele ya shehe na mashahidi, asitokee mtu wa kuijaribu kama inafanya kazi kabla sijasema nimekubali.